Jinsi Nilivyotazama Televisheni ya Kebo kwenye Kompyuta ya Linux

Chumba ninachopanga Uyole, jijini Mbeya, kilikuwa na waya wa kebo tangu siku niliyohamia. Mpangaji aliyenitangulia aliondoka na televisheni yake akaacha waya ukining'inia dirishani, na mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, ada ya kebo tunachangia nyumba nzima, usiuache huo waya ukae bure." Sikuwa na televisheni. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya zamani inayotumia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya mfumo wa Linux, na mama yangu mzazi alikuwa anakuja kutoka Tukuyu kukaa nami wiki kadhaa kwa ajili ya matibabu. Mama yangu halali kabla ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na sikutaka akose kitu hicho akiwa mgonjwa na ugenini.

Jambo la kwanza nililofanya, na ambalo naamini ndilo lililookoa fedha zangu, lilikuwa kumtafuta fundi wa kebo na kumwuliza kama mawimbi yanayopita katika waya ule ni ya analojia au ya dijitali. Wengi hudhani kwamba analojia ilikwisha kabisa nchini mitambo ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Lakini kilichozimwa ni matangazo yanayorushwa hewani na kunaswa kwa antena. "Mtaa huu bado ni analojia, kaka," fundi alinijibu. "Ukichomeka kwenye televisheni ukatafuta chaneli, zinakuja zenyewe bila king'amuzi." Kama angenijibu kwamba ni dijitali iliyofungwa kwa kadi, tyuna, yaani kifaa cha kunasa chaneli kwenye kompyuta, peke yake isingenifaa kitu, na ningelazimika kutafuta king'amuzi kwanza, kisha kuingiza picha yake kwenye kompyuta kwa zile plagi za njano, nyeupe na nyekundu.

Tyuna niliipata Mwanjelwa, kwenye meza ya muuza vifaa vilivyotumika: kijiti cha USB chenye tundu la waya wa antena upande mmoja. Kasha lake lilisema kinatumika na Windows tu. Sikujali sana maneno ya kasha, kwa sababu katika Linux kinachoamua ni chipu iliyo ndani. Nilipokichomeka na kuandika amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa mfumo kuhusu vifaa, mistari iliyotokea ilionyesha kwamba draiva (programu inayoendesha kifaa) iitwayo em28xx, ambayo huja pamoja na Linux yenyewe, ilikwisha kukitambua. Kilichokosekana ni faili moja dogo, xc3028-v27.fw, lenye maelekezo ambayo chipu ya tyuna hupakiwa kila inapoamshwa. Nililitafuta faili hilo, nikaliweka katika folda ya /lib/firmware, nikachomoa kijiti na kukichomeka upya, na lile lalamiko la faili kukosekana halikurudi tena.

Niliweka tvtime, programu ya kutazamia televisheni, nikaifungua, na kilichotokea kwenye skrini kilikuwa uso wangu. Kamera ya kompyuta ilikuwa imechukua nafasi ya /dev/video0, jina ambalo Linux hukipa kifaa cha kwanza cha picha, kwa hiyo tyuna ilikuwa /dev/video1, na programu ilipaswa kuambiwa hivyo. Nilipoiambia, uso ukatoweka, zikaja chengachenga tupu katika kila chaneli. Hapo nilipoteza jioni mbili nikilaumu waya, nikikata ncha yake na kuifunga upya, nikimsumbua fundi kwa simu. Kosa halikuwa la waya wala la fundi. Isipopewa maelekezo mengine, tvtime huanza na NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na jedwali la masafa ya kebo za Marekani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotumika huku kwetu. Niliandika amri ya tvtime-scanner nikiitajia PAL, mfumo wa picha unaotumika huku, na jedwali la Ulaya, nikaiacha ipitie masafa moja baada ya jingine huku nikipika, na niliporudi ilikuwa imeandika chaneli ishirini na tatu katika orodha yake.

Picha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa kwamba ilikuwa ikikatika vipande na kuruka. Ilinibidi nipige hesabu ndipo nielewe. Picha ya PAL kwenye kijiti kile ni nukta 720 kwa 576, kila nukta baiti mbili, picha 25 kwa sekunde, na yote hupita kwenye USB bila kubanwa: ni takriban megabaiti 20.7 kila sekunde. Nilikuwa nimekichomeka kwenye kigawanyio kimoja cha USB pamoja na diski ya nje, vikigombania njia hiyo hiyo. Nilipokihamishia kwenye tundu la kompyuta lenyewe, picha ilitulia. Ikabaki mistari kama meno ya kitana kwenye kingo za kila kitu kinachokwenda kasi, hasa mpira unapopigwa pembeni, kwa sababu PAL hutuma mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, mara 50 kwa sekunde. Kuunganisha zamu hizo ndiyo kazi ambayo tvtime huifanya vizuri kuliko programu nyingine nilizojaribu, na katika orodha yake ya njia za kuunganisha nilichagua moja nzito kidogo ambayo kompyuta yangu iliimudu.

Sauti ndiyo iliyonitesa. Kwanza hapakuwa na sauti kabisa, kwa sababu kijiti hiki huitoa kama kadi ya sauti ya pekee, na toleo la tvtime nililokuwa nalo halikuichukua. Nililazimika kuisoma kwa arecord, amri ya kurekodi sauti, na kuipitisha moja kwa moja kwa aplay, amri ya kuicheza, kwa kasi ya sampuli 48000 kwa sekunde. Sauti ikaja, lakini ikawa mvumo mtupu kama mvua juu ya bati. Picha safi na sauti mbovu kwa pamoja ni dalili ya jambo moja: masafa ya sauti hayakai mahali pamoja katika kila aina ya PAL. Katika PAL-BG hukaa megahezi 5.5 juu ya masafa ya picha, katika PAL-I ni 6.0, na katika PAL-DK ni 6.5. Tyuna yangu ilikuwa ikisikiliza kwenye 5.5. Nilipoiagiza ifuate DK, mvumo ulikatika na sauti ya mtangazaji ikaingia katikati ya sentensi, waziwazi, kana kwamba yumo chumbani.

Mama alipofika, nilikuwa nimekwisha kuziweka amri zote katika faili moja, nikaweka alama yake kwenye skrini ili aibonyeze mwenyewe. Siku ya tatu umeme ulikatika nyumbani kwetu peke yetu saa mbili kasoro, na taarifa ya habari ikaendelea kwa betri mpaka mwisho. Unapokatika mtaa mzima haiwezekani, kwa sababu vikuza mawimbi vilivyo kwenye nguzo za kebo navyo huzimika, na kompyuta hubaki ikionyesha chenga.