Kifua cha mama

Jana nimekesha na mama hadi saa nane usiku. Anahema, kifua kinalia kama filimbi. Miaka yote ya mafiga, kuni mbichi, jiko lisilo na dirisha. Daktari alishatuambia: njia za hewa zimebana, ni ugonjwa sugu.

Nikawa nasoma kuhusu maikroRNA. Ni vipande vidogo mno vya RNA, jamii ya kemikali inayobeba ujumbe wa jeni ndani ya seli; vina herufi za kikemikali kama 22 tu, vinavyozuia ujumbe wa jeni usigeuzwe protini. Wanasayansi Ambros na Ruvkun walipata Nobel 2024 kwa kuvigundua, tena kwenye mnyoo wa milimita moja! Moshi wa sigara huvuruga vingi. Kwenye mapafu yenye makovu, kimojawapo, miR-21, huzidi na kuchochea kovu.

Asubuhi nimenunua mtungi wa gesi. Mafiga nimeyatoa mwenyewe, bado yana joto la jana.