Farasi ni wa Yennenga, dhahabu bado ni ya wanaume

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na tamasha ninalolipenda kuliko yote ni FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso. Lilianza 1969, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Filamu ndefu iliyoshinda hupewa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga: sanamu ya mwanamke juu ya farasi, mkuki mkononi.

Yennenga huyo, kwa masimulizi ya Wamossi, kabila la Burkina Faso, alikuwa binti mfalme na shujaa wa vita. Baba yake alimkatalia kuolewa, maana hakutaka kumkosa vitani. Akapanda farasi wake, akatoroka.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Tuzo hiyo ilitolewa mara ya kwanza 1972, akaitwaa Oumarou Ganda wa Niger, kwa filamu yenye kisa cha binti anayeozwa bila ridhaa yake. Tangu hapo hadi 2025, hakuna mwongozaji mwanamke hata mmoja aliyeishika. Souleymane Cissé wa Mali aliipata 1979, akairudia 1983. Alain Gomis wa Senegali, 2013 na 2017. Ushindi wao ni halali kabisa; Cissé ndiye aliyenifundisha ni wapi mhariri aache kukata.

Mwaka 2023 nilijaa matumaini. Apolline Traoré, mwana wa nyumbani, alileta Sira: msichana wa Kifulani anatekwa na magaidi akiwa njiani kwenda kuolewa, wala haketi kusubiri mwokozi. Siku chache kabla ya tuzo za FESPACO kutangazwa, watazamaji wa tamasha la Berlin walikuwa wameipa tuzo yao ya kitengo cha Panorama. Ouagadougou ikampa Farasi wa Fedha. Dhahabu ikaenda kwa Youssef Chebbi wa Tunisia, na 2025 kwa Dani Kouyaté, ushindi wa kwanza wa Burkina Faso tangu 1997.

Sitaki majaji wampe mwanamke kwa huruma. Jopo huchagua katika kile lilichowekewa mezani, na filamu ndefu ni pesa: wafadhili, kamera, waigizaji, miezi ya uhariri. Waongozaji wanawake wanaoniletea kazi huja zaidi na filamu fupi, na hadithi ndefu wanazo. Mmoja ana muswada uliokamilika. Niliusoma usiku kucha bila kuuweka chini. Bado anatafuta fedha.

Orodha ya washindani wa 2027 ikitoka, nitaanza na majina ya waongozaji wa filamu ndefu kabla sijauliza nani yumo kwenye jopo.