Siku moja maishani mwangu: tasnifu ya kurasa 412 na laptopu iliyosingiziwa

Saa 1 asubuhi. Nafungua steshenari nje ya geti la chuo, simu ina voisi noti tatu za saa 8 usiku kutoka kwa mteja mmoja, mwalimu anasoma PhD, zote zinasema kitu kimoja tu: dada faili limeganda na kesho natakiwa kukabidhi. Hawa wa usiku wa manane ndo wateja wangu haswa, wa kutoa kopi ya kitambulisho huwa wanapita tu.

Saa 2. Kaja mwenyewe na begi mgongoni. Shikamoo mwalimu, marahaba dada, haya tuone. Anaandika kuhusu msamiati wa wavuvi wa Kilwa, kazi nzuri kwelikweli, imejaa majina ya mitego na sehemu za jahazi ambayo nusu yake mimi mwenyewe na upwani wangu siyajui. Tukabofya faili, tukasubiri, kinaduara kinazunguka weee. Kumbe wiki iliyopita kapeleka laptopu kwa fundi kaongezewa RAM (memori ya kufanyia kazi) kutoka GB 4 hadi 8 na hali ni ileile. Nkamwambia mwalimu laptopu umeisingizia, mgonjwa ni faili. MB 214 asee!

Kwanza nakopi, faili la mwenyewe huwa siligusi. Halafu hizi faili za Word, docx, ni zipu tu zimevalishwa nguo nyingine, ukibadilisha herufi za mwisho ziwe zip ukafungua unakuta folda inaitwa media na picha zote zimo humo. Picha 38 za ngalawa na madema, kila moja MB 5 na ushee, kama zilivyotoka kwenye simu. Nyingine alizikata pembeni akadhani zimepungua, wapi, vipande alivyokata bado vimo ndani vinakula nafasi. Nikafuta vipande, nikashusha picha hadi nukta 220 kwa inchi, faili likabaki MB 19 na kwenye karatasi huoni tofauti.

Saa 4. Mistari myekundu sasa. Tasnifu yote ni Kiswahili lakini lugha ya ukaguzi ni Kiingereza, kwahiyo kila neno kwake ni kosa, na Word ilishakata tamaa yenyewe ikaandika kwamba makosa yamezidi haiwezi kuendelea kuyaonyesha. Kurasa 412 za Kiswahili sanifu zinaitwa makosa, inauma kidogo. Nikachagua maandishi yote, nikazima ukaguzi. Kuskroli kukawa afadhali.

Saa 5, chai na chapati, na hapa ndo penyewe. Anatumia programu ya bure ya kupanga marejeo, yaani vitabu alivyonukuu (jina naliacha, inanilisha), na kila akiingiza rejeo moja anasubiri sekunde 40. Ukiingiza rejeo moja yenyewe inayapitia yote 700 upya, ione kama kuna waandishi wa jina moja, kama kuna 2015a na 2015b (vitabu viwili vya mwandishi mmoja, mwaka mmoja), halafu inaandika upya orodha ya mwisho. Ukiwa na kurasa 20 huoni kitu, ukifika 400 unazeeka. Dawa yake ni tiki moja tu kwenye mipangilio, unazima kujisasisha kwenyewe, marejeo mapya yanakaa na mstari wa vitone chini mpaka ubonyeze rifreshi mwenyewe. Mwalimu akanyamaza. Kimya cha mtu aliyeteseka miezi minane.

Ila kuna balaa lingine. Mtindo wa marejeo ulikuwa unaweka alama ya & kati ya majina ya waandishi na supavaiza anataka "na", basi mwalimu kakaa akabadilisha mojamoja kwa mkono, programu ikimuuliza kama abakize marekebisho anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila aliyojibia ndiyo yameganda, hata ukisahihisha mwaka wa kitabu hayabadiliki! Wakati faili la mtindo ni maandishi ya kawaida, unalifungua, unaondoa ile alama, unaelekeza neno la kuunganisha liwe "na", basi. Kuyarudisha yaliyoganda kumenila mpaka saa 8 mchana, na hiyo nimemchaji, siwezi kudanganya.

Katikati kaja kijana wa hisabati kuprinti, akatucheka, yeye anaandika kwa LaTeX, programu ya kuandika kwa amri za maandishi, picha na marejeo vinakaa faili za pembeni. Ni kweli mambo yake mepesi. Nkamuuliza supavaiza wako anakuwekea wapi komenti? Akasema kwa peni.

Saa 9. Nikagundua marekebisho ya supavaiza tangu sura ya kwanza hajawahi kuyakubali, kayaficha tu. Zaidi ya 3,000. Yaliyofichwa hayajaondoka, yamo yote na faili linayabeba. Anaogopa kupoteza ushahidi, nikamwachia kopi moja yenye marekebisho, kwenye nyingine nikakubali yote. Akaniuliza si bora tungekata sura sura, nkamwambia kuna dada alinijia na faili saba, 2015a ya sura ya pili na 2015a ya sura ya tano ni vitabu viwili tofauti, tulilia.

Saa 10 rifreshi kubwa. Dakika 11, hakuna kugusa kitu, na dakika ya 6 umeme ukakatika. Tukatazamana. Betri ilikuwa asilimia 31, ikafika.

Saa 12 jioni nafunga, mwalimu kasahau rejeo moja. Nkamwambia ingiza mwenyewe. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, likawa limeshaingia.

"Dada, sasa hii RAM fundi atakubali kuichukua?"