Mnaogelea au mnaliangalia tu?

Profoma, yaani karatasi ya bei, ya kukarabati bwawa letu la kuogelea imekuja Jumatatu kwa WhatsApp, kurasa mbili, jumla shilingi 11,340,000, na mie bado sijaijibu kwa sababu ya jambo ambalo ndani yake halimo.

Yule kijana fundi alokuja kukagua mitambo (yule aliyesoma skuli moja na mwanangu mkubwa, ndo huyohuyo) alikuwa kachuchumaa ndani ya kibanda cha pampu, tochi mdomoni, anapangusa kioo cha geji kwa kidole. Mie nimesimama mlangoni nimeinua kanga isiburure, maana pampu inavuja na sakafu pale haikauki. Akaitoa tochi mdomoni, akauliza bila hata kunyanyua kichwa:

"Mama, kwani hili mnaogelea au mnaliangalia tu?"

Nikamjibu, "Tunaogelea."

Halafu, sijui nani alinituma niongeze, nikasema, "Sana."

Hapo ndo akanyanyua kichwa. Akalitazama bwawa. Majani ya mwembe yameelea upande mzima, na kwenye kipandio cha juu cha ngazi chura kakaa kwa raha zake kama mwenye hati ya nyumba. Kijana hakusema kitu. Akatoa kidaftari, akaandika neno moja au mawili, akairudisha kalamu sikioni.

Sasa kaandika nini?

Wiki hii tumemuoza mtoto wa dada, binti yangu kule Dodoma katetea tasnifu yake na kupita, meneja wetu mkuu kaaga kazini kwa barua ya mistari mitatu, na baba watoto kapiga simu kutoka Wete, Pemba, kusema harudi mpaka karafuu zikauke kwenye majamvi. Yote yamepita. Mie niko palepale mlangoni mwa kibanda, nasema "sana".

Nimemjibu upya kichwani mara nyingi. Kwenye foleni ya Kiembesamaki nilimwambia, "Mwanangu, wewe pima pampu." Hilo lilikuwa jibu zuri, ila kali, na kijana hakuuliza kwa ubaya. Kazini, wakati muuza samaki ananieleza kwa nini changu kapanda bei, nikapata jengine: "Kwani mashine inajua tofauti?" Usiku wa hina, wanawake wanapiga vigelegele na bibi harusi kanyoosha miguu, nikapata la tatu, refu, lenye historia ndani yake, na shangazi yao akanishika bega akidhani nalia kwa furaha.

Ukweli ni kwamba aliyeingia mwisho ni mtoto wetu mdogo, sikukuu ile kabla hajaenda skuli ya bweni, na aliingia kutoa mchanga wa ufukweni mwilini, akatoka.

Nyie mnajua bwawa hili lilikujaje. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Julai iliyofuata ikazama Skagit ikitoka Dar. Sisi watu wa Wete, wanetu wamekulia ndani ya boti, wanalala juu ya mizigo ya watu tangu hawajajua kusema. Baba watoto hakutoa hotuba. Siku moja alikuja na wachimbaji, wakaanza kuvunja jiwe nyuma ya nyumba, na majirani wa Mbweni wakasema hawa sasa wamepata. Wakajifunza wote watatu. Binti alikuwa aking'ang'ania ukingo mpaka vidole vikachubuka; mdogo aliruka tu, akazama, akaibuka anacheka. Walipojua, walijua, wakaenda zao. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama tunaliogelea au tunaliangalia, kwake yeye ni suali la kazi. Kwangu ni jambo jengine kabisa.

Haya, tuje kwenye karatasi. Karatasi za bei za watu ndo zinazonilisha pale hotelini ninapofanya kazi, na hii kwa kweli ningeirudisha hata kama isingekuwa na suala la chura.

Mstari wa kwanza: pampu mpya ya HP 2 (nguvu za farasi mbili), shilingi 2,450,000, badala ya yetu ya HP 1. Sababu iliyoandikwa: "nguvu zaidi". Nikampelekea Ami, injinia wetu pale hotelini. Hakuangalia bei. Aliniuliza kitu kimoja, filta yangu, lile tangi la mchanga linalochuja maji, ina kipenyo gani. Milimita 500. Akaandika nyuma ya bahasha: filta hiyo, eneo lake la ndani ni kama 0.2 ya mita ya mraba. Bwawa la nyumbani hupitishi zaidi ya mita za ujazo 50 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya mchanga, kwa hiyo hii ya kwangu mwisho wake ni mita za ujazo kumi kwa saa. Pampu ya kwenye profoma imeandikwa 24. Maji mengi hivyo yakilazimishwa kupita pale yanajichimbia njia katikati ya mchanga, uchafu unapita nayo bila kuchujwa, na mchanga wenyewe unaweza kuishia chini ya bwawa. Na filta haibadilishwi. Nimetafuta kurasa zote mbili. Kinachobadilishwa ni mchanga tu, 280,000.

Bwawa letu ni mita nane kwa nne, maji yake lita 45,000 hivi. Kwa mita kumi kwa saa, yote yanazunguka kwa saa nne na nusu. Maana yake pampu tuliyonayo inatosha, kinachoisumbua ni sili inayovuja na beringi zinazolia, vitu ambavyo fundi mota anavibadilisha mchana mmoja ukimletea chai.

Kama ni lazima mpya, Ami anasema ninunue ile ya kupunguza na kuongeza mwendo. Ukiuteremsha mwendo nusu, maji yanapungua nusu, lakini umeme kwa hesabu za kitabuni unashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwenye kibanda halisi hautafika chini hivyo, na lazima uiwashe saa nyingi zaidi, ila mtu anayenunua Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kila mara anajua hata nusu ya ule wa sasa ni neema. Tatizo ni kwamba pampu hiyo ndani ina elektroniki, na umeme wetu, ingawa umetulia tangu ulipotandikwa ule waya wa baharini wa 2013 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, bado una siku zake za kupanda na kushuka. Basi na kifaa cha kuilinda kiandikwe, kiwe na bei.

Mashine ya chumvi, 4,100,000. Hii ndo kila mtu anaitaka sasa: inaigeuza chumvi iliyomo majini kuwa klorini, hutunzi tena ndoo ya klorini ya unga inayotoboa nguo na kukuchoma koo ukiifungua. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mifuko 16 ya chumvi, kilo 25 kila mmoja. Hizo ni kilo 400. Mashine hizi nyingi zinataka gramu 3 mpaka 5 kwa lita. Chukua 4, unapata kilo 180, mifuko minane na unabaki na ya kupikia. Kilo 400 kwenye bwawa hili ni karibu gramu 9 kwa lita, yaani robo ya ukali wa maji ya bahari. Na bahari ninayo hapo chini, haijawahi kuniletea profoma.

Halafu hakuna aliyepima maji ya kisima. Sote tuliojenga juu ya jiwe la matumbawe tunazijua birika zetu zinavyoota ukoko mweupe. Ukoko huohuo utaganda kwenye mabamba ya ndani ya mashine, yale yanayotengeneza klorini, uwe unayaosha kwa asidi, na mabamba yenyewe yana umri, yakifa unanunua sehemu kubwa ya mashine upya. Waranti ya mabamba? Kimya.

"Vifaa vidogovidogo na mengineyo", 1,150,000. Mstari huu kwangu ofisini hauvuki meza. Mengineyo gani yanayokaribia nusu ya bei ya pampu? Ufundi 1,600,000, hapo sina neno, kazi ya kuinama kwenye kibanda kile siitaki hata mimi. VAT haijasemwa imo au haimo. Kama haimo, asilimia 15 ni 1,701,000 nyengine, na habari hiyo huwa inakuja umeshalipa nusu.

Na taa. Taa nne za rangi zinazobadilika, 1,280,000.

Sikuomba taa. Hakuna aliyetaja taa. Nimeukalia mstari huu kuliko ile myengine yote, nikauona mpaka usingizini, kwa sababu jibu la kidaftari ndo hili hapa. Kaona majani, kaona chura, kaandika "wa kuangalia", kaenda kwao kaniwekea taa. Nikazikata kwa kalamu nyekundu, mara mbili, karatasi ikatoboka.

Alhamisi baada ya alasiri nilimkuta Bimkubwa kakaa pale anapokaa siku zote, kiti chake cha ukili kimeelekea majini, tasbihi mkononi, buli la kahawa pembeni. Nikakaa chini nikamhadithia. Nilitaka anionee huruma.

"Mtu kaja hapa kaniuliza kama tunaogelea au tunaliangalia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tunaogelea."

"Nani?"

Nikakosa la kusema. Akamaliza shanga zake kwanza.

"Mie naliangalia. Kila siku naliangalia. Kwa nini hukumwambia yupo mtu analiangalia? Wale watoto wako maji yakigeuka kijani walikuwa hawana habari, wanaruka tu. Mie ndo niliyekuwa naona. Mwambie mimi nataka nikikaa hapa nivione vigae vya chini, na kile kilichovunjika nikione." Akajimiminia kahawa. "Na hizo taa ni rangi gani?"

Wallahi nilicheka mpaka kahawa ikanipanda puani. Akanitazama kama niliyeharibikiwa, halafu akacheka na yeye, kile kicheko chake cha kujizuia asionekane mapengo. Tukaisoma profoma yote pamoja, mie nasoma kwa sauti, yeye anatoa hukumu. Pampu kubwa kaikataa kabla sijamweleza filta, kwa hoja kwamba itapiga kelele wakati wa adhana. Mashine ya chumvi kaipitisha. Mengineyo kayafuta kwa mkono hewani hata bei hajaisikia. Taa zimerudi, mbili badala ya nne, za bluu tupu. Nyekundu hataki. "Watu watadhani tumefungua hoteli."

Usiku nikamwandikia kijana, na nikastaajabu vidole vilivyokuwa vyepesi. Nikamuomba bei mbili za pampu, moja ya kukarabati hii na moja ya ile ya kubadilisha mwendo pamoja na kinga ya umeme. Kama anang'ang'ania kubwa, basi na filta ya kulingana nayo, na aniambie mwenyewe nani atakayeilipa. Chumvi mifuko minane. Maji ya kisima yapimwe chokaa kabla ya kununua chochote. Waranti ya mabamba iandikwe kwa miaka, mengineyo yaorodheshwe moja moja, na VAT iwekewe mstari wake.

Alijibu upesi kuliko nilivyotegemea. "Sawa mama, nimekufahamu. Pampu narekebisha. Chumvi nilipigia bwawa kubwa, samahani." Kidogo ikaja nyengine: "Na watumiaji niandike wangapi?"

Nilikaa nayo hiyo. Halafu nikaandika, "Mmoja. Anakaa kitini."

Akaleta kidole gumba. Kijana wa watu hana neno, na hilo la kidaftari sikumuuliza.

Ila kinachoniweka macho saa hizi si bwawa. Magharibi mpangaji wa nyumba ya Malindi, Mji Mkongwe, kanitumia picha: ufa kwenye ukuta wa chumba cha juu, umeanzia kwenye boriti umeshuka mpaka dirishani, kaweka kibiriti pembeni nione upana, na kibiriti kinakaribia kuingia. Tangu kipande cha lile jumba la kale la Beit al-Ajaib kiporomoke ile Disemba 2020 sitaki kusikia habari za ufa, na vuli haiko mbali. Nyumba ya urithi, tuko tisa wenye sehemu, wanaopokea simu wawili. Nimemwambia mpangaji leo asilale juu na yule mtoto mchanga, wateremke chumba cha chini. Kasema chumba cha chini kimejaa magunia tangu Ramadhani, na kwamba yeye alidhani ni yangu.