Nilivyojua kahawia ilikojificha

Jozi yangu ya kwanza ya finchi pundamilia, ndege wadogo wa kufugwa tunduni, ilikuwa ya kijivu, dume na jike. Niliwaweka katika tundu lao peke yao barazani, nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, na hapakuwa na ndege mwingine nyumba nzima. Jike akataga mayai matano ndani ya kifuu cha nazi, wakayaatamia kwa zamu kama siku kumi na tatu, na yote yakaanguliwa. Makinda walipoota manyoya nikaona wanne ni wa kijivu kama wazazi wao. Wa tano alikuwa kahawia hafifu, rangi ya mchanga uliolowa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee aliyeniuzia. "Ammi, huyu jike amekuja kwangu ameshapandwa na dume mwingine." Shaka yangu haikuwa ya bure. Jike wa finchi huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa siku kadhaa, akataga mayai yenye uhai hata baada ya kutenganishwa naye. "Mwanangu," akanijibu, "dume wa kahawia sina, wala sijapata kuwa naye. Ngoja wazae tena." Miezi miwili baadaye wakazaa tena: makinda wanne, wawili wa kahawia. Mbegu za dume hazikai mwilini miezi miwili. Nilirudi kwa mzee yule kumwomba radhi.

Ndipo nilipofungua daftari. Kila kinda nilimvisha pete ya plastiki mguuni, nikaandika tarehe, wazazi na rangi yake. Walipofika miezi mitatu niliona jambo ambalo nisingeliona bila kuandika. Dume wa aina hii akikomaa huota mashavu ya rangi ya chungwa, mistari myembamba kooni, na vitone vyeupe ubavuni. Hata dume wa kahawia huota mashavu hayo. Wangu watatu wa kahawia hawakuota chochote. Wote walikuwa majike.

Binti yangu alikuwa kidato cha nne, na shuleni walikuwa wanasoma mambo ya jeni, yaani chembe za urithi. Akaniletea daftari lake na kunionyesha kwamba kuna sifa zinazopitia kromosomu za jinsia, zile nyuzi zinazobeba jeni na kuamua kama mtoto ni wa kike au wa kiume, kama upofu wa rangi: mama huibeba bila yeye mwenyewe kuathirika, ikaja kuonekana kwa mwanawe wa kiume. Tukachora miraba mezani, ile ya kupanga jeni za baba na mama kuona watoto watatokaje. Ikagoma. Kila tukichora, wa kahawia wanatoka madume, na tunduni ni majike. Karibu wiki mbili tulikaa na kitendawili hicho, hadi siku moja aliporudi kutoka shule akiniita toka mlangoni: "Baba, ndege wamegeuzwa!"

Na ni kweli. Kwa binadamu mwanamke ana XX na mwanamume XY. Kwa ndege, dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ana ZW. Jeni ya kahawia imo katika Z. Dume akiwa na Z moja ya kijivu na moja ya kahawia, kijivu hushinda, nawe humjui kwa macho. Jike ana Z moja tu, aliyoipata kwa baba yake, kwa hiyo hana pa kuificha: akiwa nayo utaiona, usipoiona hana. Dume wangu wa kijivu ndiye aliyekuwa ameibeba siku zote. Nusu ya binti zake huipata. Na nusu hiyo ni ya kila yai peke yake, kama shilingi inayorushwa upya, si ahadi kwamba katika mabinti wanne wawili watakuwa kahawia. Tulichora upya, na safari hii kila kinda akaingia mahali pake.

Daftari hilo lilinifumbua macho kwa jingine lililokuwa likiniumiza. Nilikuwa na jozi yenye vishungi kichwani, wote wawili, wazuri sana, na karibu kila mara yai moja au mawili hayakuanguliwa. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona mishipa ya damu, kisha siku chache baadaye giza tupu. Nililaumu joto, nililaumu chakula. Kumbe jeni ya kishungi ikitoka kwa mzazi mmoja humpa kinda kishungi, ikitoka kwa wote wawili humwua ndani ya yai. Wastani wake ni robo ya mayai. Niliwatenganisha siku hiyohiyo. Sasa mwenye kishungi nampa mwenza asiye nacho, na nusu ya makinda hutoka na kishungi bila kinda yeyote kufa kwa sababu hiyo. Naomba sana wanaowafuga wasiwaunganishe wawili wenye vishungi.

Baada ya hapo nilitaka kujua kama nimeelewa kweli. Niliazima dume wa kahawia kwa rafiki wa Likoni, nikampa jike wa kijivu asiye na udugu na ndege wangu. Kabla ya yai la kwanza niliandika: mabinti wote kahawia, wana wote kijivu. Niliwapa uwele na mchicha, na mfupa wa dome, yule wa baharini jamaa ya ngisi, ninaouokota ufuoni na kuulowesha maji matamu siku mbili. Nyuzi za makumbi za kujengea nilizikata fupi, maana ndefu hunasa miguu ya makinda. Katika uzao mara mbili nilipata makinda wanane, watano kahawia, watatu kijivu. Jinsia yao niliijua kabla hawajatoka kifuuni, kwa rangi tu. Walipokomaa hakuna hata mmoja aliyenisuta.

Wale wana watatu wa kijivu, wote wameibeba kahawia, hakuna haja ya kubahatisha. Mmoja nilimpa jike wa kahawia wa jozi yangu ya kwanza, ambaye si ndugu yake. Hapo miraba inasema nusu ya makinda watakuwa kahawia, madume kwa majike, kwa hiyo rangi haikuambii tena jinsia. Alitoka kinda mmoja wa kahawia katika wanne. Binti yangu sasa yuko chuoni Eldoret, kila jioni ananiuliza kwa simu. Kinda ana mdomo mweusi bado, namwambia, ngoja. Wiki ya sita mdomo ukaanza kuwa mwekundu. Jumamosi asubuhi nikibadilisha maji nilimwona amegeuza kichwa kwenye mwanga, na chini ya jicho la kushoto kulikuwa na unyoya mmoja wa rangi ya chungwa.