Kama mimi na baba yako

Sentensi moja ya mama haijanitoka kichwani tangu Jumapili. Wiki yenyewe imeenda, ripoti ya mwaka imepita, wa chumba cha pili kahama na sufuria yangu, ila mi bado niko palepale kwenye ile simu.

Alikuwa anakata bamia, namsikia kisu. Kwa kawaida akiniuliza nafanya nini huku Manchester namjibu sumaku, anasema haya mwanangu, tunahamia kwenye bei ya nazi. Safari hii akang'ang'ania nimweleze. Basi nikaanzia 2004, wanafizikia Geim na Novoselov walivyobandua grafiti, ile ya ndani ya penseli, kwa selotepu hapahapa mjini mpaka wakapata tabaka la unene wa atomu moja, na 2010 wakapewa Nobel ("kwa selotepu hii hii?"). Nikamwambia hiyo grafini inapitisha umeme balaa ila sio sumaku, na kwa miaka mingi watu walikuwa na wasiwasi kama kitu chembamba hivyo kinaweza kuwa sumaku maana joto kidogo tu linavuruga mpangilio wa ndani, mpaka 2017 kundi la watafiti wa Seattle na wenzao wakaonyesha tabaka moja la kromiamu na iodini, CrI3, ni sumaku kabisa, ili mradi ulipoze chini ya kelvini 45, yaani kama nyuzi 228 chini ya sifuri, na lisiguse hewa, likigusa linaharibika hapohapo, ndo maana nashinda mikono iko ndani ya lile boksi la glovu lisiloingiza hewa.

"Sasa mama, yakiwa mawili, moja juu ya lingine, ukipima huoni sumaku."

"Yamekufa?"

"Hapana, kila moja lina nguvu zake zilezile. Ila moja linaelekea juu, lingine chini, kwa nje inasoma sifuri."

Kisu kikanyamaza.

"Kama mimi na baba yako."

Halafu akacheka! Nami kwa kukosa la kusema nikaendelea tu na fizikia, eti ukiyawekea sumaku kubwa kwa nje, kama tesla 0.65 hivi, yote mawili yanaelekea upande mmoja. Hakuijali hiyo. Akauliza, "Na wa tatu akiingia?"

"Yakiwa matatu sumaku inaonekana tena."

"Eeh. Haya, ngoja nibandike bamia."

Jumatatu nilikuwa natamba na swali lake maabara, maana hilo la tatu ndo swali lenyewe, kwenye vikao vyetu na maprofesa sijaulizwa zuri kama lile, na huyu mama kaishia darasa la saba Tanga. Jumatano nikapima sampuli ya matabaka mawili, mwanga wa leza, ambao ukigonga sumaku mtetemo wake hugeuka kidogo, ukarudi bila kugeuka hata kidogo, mstari umelala kwenye sifuri, msimamizi anasema safi sana, mi koo limekaba. Nyumba yetu kila mgeni anaisifia utulivu. Na wa tatu ni nani sasa, mimi? Au yule wa Korogwe, mnamjua? Meseji nimeandika nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikamtumia picha ya theluji akajibu mashallah.

Halafu ule unyevu wa ukutani umefika kwenye soketi ya umeme, na ajenti wa nyumba hapokei simu.