Hewa ya ndani: anza na madirisha mawili

Kufungua dirisha moja hakutoshi. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo fungua madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, kwa dakika 10 hadi 15. Shika karatasi laini mlangoni: ikipepea, hewa inapita, ikining'inia tu, kuna mahali pamezibwa, mara nyingi na pazia zito.

Jikoni ndiko kwenye kazi kubwa. Washa feni ya kutolea moshi kabla mafuta hayajapata moto, uiache dakika 15 baada ya kuepua. Kichujio kikijaa mafuta, feni hunguruma bila kuvuta. Kiloweke kwenye maji moto na sabuni, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisilale ndani, hata yakibaki makaa machache chini ya majivu. Gesi yake, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua.

Unyevu ukizidi asilimia 60, kuvu huota nyuma ya kabati. Lisogeze sentimita 5 kutoka ukutani. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu hulirusha hewani. Manukato ya kupulizia hayasafishi chochote.